Kiini cha yai

Kiini cha yai ni sehemu ya njano ya yai la ndege, iliyozungukwa na ute. Katika lishe hutajwa zaidi kwa sababu ya kolesteroli: kiini cha yai moja kubwa la kuku kina takribani miligramu 186, ilhali ute hauna kabisa. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasile zaidi ya viini 3 kwa wiki. Ushauri huo ulilegezwa baadaye, kwa kuwa sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwilini hutengenezwa na ini, na kwa watu wengi mafuta yenye kuganda, kama siagi na samli, huipandisha kuliko mayai. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015–2020 uliondoa kikomo cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku. Kwa wenye kisukari, matokeo ya utafiti kuhusu ulaji wa mayai yanapingana. Kiini kina pia kolini na vitamini A, D na B12. Njano iliyokolea, inayosifiwa katika mayai ya kienyeji, hutokana na majani na mahindi ya njano aliyokula kuku, wala si kipimo tosha cha ubora. Kiini kibichi huweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao hufa yai likiiva hadi kiini kugandamana.