Barabara ya Urani

Maji tulijaza Moab, kwa sababu huko juu Dead Horse Point, jimbo la Utah, maji yenyewe hupelekwa kwa lori. Binamu yangu, aliyehamia Marekani zamani, ndiye aliyekodi lile gari lenye vitanda, jiko na choo. "Leo utaona jangwa la wenye pesa, bana," akaniambia.

Jioni tukasimama ukingoni. Mita 600 chini yetu Mto Colorado ulijipinda, rangi yake kama chai ya maziwa. Kando ya kuta nyekundu za korongo nikaona kijibarabara kinateremka mahali ambapo hata mbuzi angesita. Nilidhani kimechongwa kwa ajili ya watalii kama sisi. Kumbe ni kwa ajili ya bomu.

Baada ya Vita vya Pili, serikali ilitaka urani ya silaha, na Tume ya Nishati ya Atomiki ikawalipa bonasi waliogundua. Mwaka 1952 Charlie Steen, mwanajiolojia aliyekuwa akiishi na familia yake kwenye kibanda, akaipata urani kusini-mashariki ya Moab. Mgodi akauita Mi Vida. Watu wakamiminika. Njia ya Shafer, iliyokuwa ya kuswagia ng'ombe, ikapanuliwa malori yapite. White Rim nayo ikachongwa, ingawa urani yenyewe huko ilikuwa haba. Canyonlands ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ilirithi barabara hizo.

Steen alijijengea jumba kilimani. Wanavajo je? Walichimba migodi isiyopitisha hewa, wakanywa maji yaliyotiririka humo, wakarudi nyumbani na vumbi nguoni. Kuanzia 1950 madaktari wa serikali waliwapima wachimbaji, lakini hatari hawakuwaambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote: kumshika mtu mkono, kumpima, halafu unyamaze. Saratani ya mapafu ikawamaliza wengi. Sheria ya fidia ilikuja mwaka 1990, wajane wakatakiwa kuleta vyeti vya ndoa, wao waliooana kimila. Mwaka 2005 Wanavajo wakapiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yao.

Asubuhi tukateremka. Kabla ya daraja la Moab, kando kabisa ya mto, ndipo kinu cha urani kilipoacha tani milioni 16 za mabaki. Treni ilianza kuyahamisha mwaka 2009. Binamu akapunguza mwendo, akazima redio.