Valize ya garaji: namna ya kusoma hali ya motere mbele haijaharibika

Kasomeno ni njia panda. Gari zinazotoka Lubumbashi zinafika hapo, zingine zinashika barabara ya Kasenga kwenye mto Luapula, zingine zinaendelea upande wa Pweto. Samaki, mahindi na abiria vyote vinapita hapo. Motere ikichemka katikati ya pori, samaki wanaoza na mwenye gari anaweza kupoteza motere nzima. Ndiyo maana kifaa ambacho mafundi wanaita valize au skaneri kinaweza kuokoa feza nyingi, kama mtu anajua kukisoma.

Ni kifaa gani?

Gari za kisasa zina kalkilatere, ni kusema kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwa vipimo vya motere. Valize inachomekwa kwenye tundu la pini 16, mara nyingi chini ya dashibodi karibu na usukani. Marekani ililazimisha mfumo huu, unaoitwa OBD-II, kwa gari za mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa gari za esansi. Kuna valize kubwa za garaji, na kuna vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyotuma habari kwenye simu.

Kodi si hukumu

Taa ya motere ikiwaka, valize inaonyesha kodi. P0300 ni kusema motere inakosa kuwaka vizuri kwenye silinda mbalimbali. P0171 ni kusema hewa imezidi esansi. Lakini kodi haisemi badilisha kipande fulani. P0171 inaweza kutoka kwa mpira wa hewa uliopasuka, pompi ya esansi iliyochoka au kipimo cha hewa kilichojaa vumbi. Fundi anapaswa kutafuta chanzo kwanza, kisha ndipo mwenye gari anunue.

Kufuta kodi pia si kutengeneza. Taa inazimika, ugonjwa unabaki, na kisha siku chache taa inarudi.

Namba za kuangalia motere ikizunguka

- Joto la maji: kwa gari nyingi ni kati ya digri 85 na 105 motere ikisha pata moto. Likipita 110 na linaendelea kupanda, simama, zima motere, na usifungue kifuniko cha radiatere mpaka ipoe.
- Umeme: motere ikiwaka, kwa kawaida volti 13,5 mpaka 14,7. Ikibaki 12 na kushuka, angalia alternatere na mkanda wake.
- Mizunguko gari ikisimama: kwa kawaida 600 mpaka 900 kwa dakika, bila kupanda na kushuka ovyo.
- Marekebisho ya esansi: yakikaa karibu na sifuri ni vizuri. Yakipita asilimia 10 kwa muda mrefu, kuna tatizo la hewa au la esansi.

Angalisho: kipimo cha joto kinahitaji kuguswa na maji. Maji yakiisha yote, namba inaweza kubaki chini wakati motere inaungua. Na ikionyesha digri 40 chini ya sifuri, hiyo si baridi. Mara nyingi waya umekatika. Kwa hiyo, kila asubuhi, mbele ya safari, angalia maji na mafuta ya motere kwa macho.

Wakati wa kununua gari

Muuzaji anaweza kufuta kodi asubuhi ili taa isionekane. Omba fundi afungue ukurasa unaoonyesha kama kalkilatere imemaliza majaribio yake. Kama majaribio mengi hayajaisha, inawezekana kodi zilifutwa karibuni au batri ilitolewa. Endesha gari kwanza, kisha pima tena.

Gari ambazo valize haisaidii

Toyota Land Cruiser yenye motere 1HZ ya mazutu ina pompi ya kimekaniki. Hapo sikio la fundi na mkono wake ndiyo valize. Gari nyingi za zamani za Japani zina tundu, lakini hazisemi lugha moja na vifaa vya bei ndogo. Malori makubwa yanatumia volti 24, na yanahitaji kifaa chake.

Mbele ya kulipa, shofere aombe fundi amwonyeshe kodi na namba kwenye skrini, na aziandike kwenye karatasi. Akifika garaji ingine, hatalipa mara ya pili kwa kuanza upya.