Mbwa aliyekataa kufungiwa nje ya picha

Februari 2008 kampuni ya Polaroid ilipotangaza kuacha kutengeneza filamu za papo hapo, pigo halikuwafika wenye kamera ndogo za mkononi peke yao. Liliifikia pia kamera moja kubwa ya kusukumwa kwa magurudumu, yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, iliyotoa picha ya inchi 20 kwa 24 ndani ya dakika moja na ushei. Mbele ya kamera hiyo ndipo mbwa wa nyumbani alipopewa heshima ya kupigwa picha kama mtu.

Wanyama walikwisha kupigwa picha zamani. Harry Pointer aliwapanga paka mbele ya kamera mjini Brighton, Uingereza, miaka ya 1870. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Harry Whittier Frees akawavisha nguo. Hizo zilikuwa picha za kadi, za kufurahisha watu.

Mwaka 1970 msanii William Wegman, akiwa California, alipata mbwa wa kijivu aina ya Weimaraner, akampa jina la mpiga picha mashuhuri, Man Ray. Mwenyewe amesimulia kwamba hakupanga kumpiga picha. Kila alipoanza kazi studioni, mbwa aliingia katikati ya vifaa. Akifungwa pembeni, analia. Mwishowe akaachiwa, na ikaonekana kwamba mbele ya kamera anatulia tuli na kutazama kama aliyeitwa kazini.

Mwaka 1979 Polaroid ilimkaribisha Wegman kuitumia kamera yake kubwa. Alizoea picha nyeusi na nyeupe. Sasa ana rangi, na mbwa wake ni wa kijivu! Jawabu lilikuwa kichupa cha rangi ya kucha. Katika picha iitwayo Fey Ray, wekundu wa kucha unawaka juu ya miguu ya kijivu, na jicho haliendi kwingine.

Mwaka 1982 ikaja Dusted. Unga mweupe unamwagika kutoka juu, na mbwa, sasa mzee, ametulia chini yake. Mwaka huohuo akafa, na gazeti la Village Voice la New York likamtangaza Mtu wa Mwaka. Baadaye akaja mbwa mwingine, Fay Ray, kisha watoto na wajukuu zake, na kazi ikaendelea.

Sisi leo tuna picha nyingi kuliko Wegman, lakini ziko wapi? Nyumbani kwetu paka mmoja alilala miaka mingi juu ya gunia la mchele, mkia ukining'inia. Simu iliyobeba picha zake iliharibika, na hakuna hata moja tuliyoisafisha. Mama bado anamtaja. Wajukuu wanauliza alikuwa wa rangi gani. Studio za mitaani bado zipo. Mpeleke mnyama wako akiwa hai, mpe dakika kumi za utulivu, kisha itundike picha yake ukutani pamoja na za familia.