Wabishi wa Cambridge: Hisabati, Cheo na Mlango Uliofungwa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, swali husikika lile lile: umepata asilimia ngapi? Ni nadra mtu kuuliza: umeelewa nini? Na mmoja wenu akisema kwamba chuoni atasoma hisabati, wala si uganga wala sheria, jamaa hushangaa na kutaka kujua masomo hayo yatamlisha nini. Maswali hayo mawili, la cheo na la faida, yaliulizwa mbali na kwetu muda mrefu kabla yetu. Tumeona vema kuyafuata katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa sababu huko hisabati haikuwa somo moja kati ya mengi, bali ilikuwa lango lenyewe la heshima.

Katika karne ya 18, mwanafunzi wa Cambridge aliyetaka kuhitimu kwa heshima hakuwa na njia nyingine ila hisabati. Hata aliyekusudia kuwa mchungaji wa Kianglikana, mwanasheria au mbunge, alipita kwanza katika jiometria ya Euclid na mekanika ya Newton. Wakuu wa chuo hawakudai kwamba mchungaji angehitaji kukokotoa mwendo wa mwezi akiwa mimbarani. Waliamini kwamba mtu aliyezoea kuthibitisha neno hatua kwa hatua hataweza tena kudanganywa kwa urahisi na hoja isiyo na miguu. Mtihani wa pili wa heshima, ule wa Kilatini na Kiyunani, ulianza mwaka 1824 tu, na kwa miaka mingi hata walioutaka huo walilazimika kwanza kufaulu hisabati.

Hapo zamani watahiniwa walibishana kwa mdomo, kwa Kilatini, mbele ya msimamizi. Mabishano yalipoachwa na karatasi kushika nafasi yake, majina yalibaki. Mtihani uliitwa Tripos, kwa kukumbuka kigoda cha miguu mitatu alichokalia mmoja wa wabishanaji. Waliofaulu katika daraja la kwanza waliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya wabishi, na aliyewapita wote ndiye Mbishi Mkuu. Haukuwa mchezo. Mtihani wa mwaka 1854 ulikuwa na karatasi 16 na maswali 211, ukachukua siku 8 na saa 44 na nusu za kuandika. Kisha majina yalisomwa hadharani katika jumba la Senate House, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Yule wa mwisho katika daraja la tatu aliteremshiwa na wenzake kijiko kikubwa cha mti kutoka roshani, watu wakicheka. Sisi tuliosimama mara nyingi uwanjani siku ya proklamasio, wazazi wakisikiliza, tunajua kicheko cha namna hiyo kinavyokaa muda mrefu moyoni mwa mtoto.

Cheo kikawa ndicho masomo yenyewe. Wanafunzi waliacha madarasa ya maprofesa, wakamlipa mwalimu wa faragha ambaye kazi yake ilikuwa moja: kuwanoa kwa ajili ya zile siku chache. Mashuhuri kati ya walimu hao alikuwa Edward Routh, ambaye kati ya mwaka 1855 na 1888 alitoa Wabishi Wakuu zaidi ya 20. Tusimdharau; alijua kufundisha, na wengi walimshukuru maisha yao yote. Lakini kilichonolewa kwanza ni mwendo wa mkono. Mwaka 1845 aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Stephen Parkinson, na wa pili alikuwa William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, jina linalobebwa leo na kipimo cha joto mnachokisoma shuleni. Mwaka 1854 wa kwanza alikuwa Routh huyo huyo, na wa pili James Clerk Maxwell, aliyekuja kuunganisha umeme, sumaku na mwanga katika nadharia moja. Haki inatudai tuongeze kwamba Cayley na Stokes, vigogo wa hisabati, walishika namba moja kweli. Mtihani haukuwa kipofu. Ulikuwa na jicho moja.

Ubaya mwingine wa mtihani wenye nguvu kiasi hicho ni kwamba hukifanya chuo kizima kisibadilike. Kwa kumheshimu Newton, Waingereza waling'ang'ania alama zake za kalkulasi, yaani vile vinukta juu ya herufi, wakati Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimesonga mbele kwa alama za Leibniz. Waliotikisa jambo hilo hawakuwa maprofesa. Mwaka 1812 wanafunzi watatu, Charles Babbage, John Herschel na George Peacock, wenye umri wa miaka 20 au 21, walikuwa kati ya walioanzisha chama kidogo cha kutetea alama mpya, na mwaka 1816 walitoa tafsiri ya kitabu cha Mfaransa Lacroix. Mwaka uliofuata Peacock aliteuliwa kuwa mmoja wa watahini, naye akaandika maswali kwa alama za Leibniz. Hapo walimu wote wakajifunza upesi! Aliyeshika mtihani alikuwa ameshika chuo.

Lakini kulikuwa na mlango ambao alama hazikuweza kuufungua. Sheria ya Cambridge ilidai kwamba anayepewa digrii akiri kuwa mwana wa Kanisa la Uingereza. Mkatoliki, Myahudi, au Mkristo wa madhehebu mengine aliweza kuketi darasani na kuufanya mtihani, ila shahada hakupewa. James Joseph Sylvester, Myahudi, alishika nafasi ya pili mwaka 1837 akaondoka mikono mitupu. Digrii alipewa Dublin mwaka 1841. Cambridge ilikumbuka kumpa yake mwaka 1872, alipokuwa tayari mwanahisabati wa sifa duniani. Sharti hilo liliondolewa kwa shahada ya kwanza mwaka 1856, na kwa kazi nyingi za chuo mwaka 1871. Tusisahau pia kwamba upande wa Wakatoliki mambo hayakuwa meupe: baada ya sheria kulegea, maaskofu wa Uingereza bado waliwakataza waamini wao kwenda Oxford na Cambridge, wakihofia imani yao, hata mwaka 1895. Na kwetu Kongo, kabla ya Lovanium kufunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, kijana mweusi mwenye kiu ya masomo ya juu alikuwa karibu hana mahali pa kwenda ila seminari kuu.

Mlango wa wasichana ulikuwa mzito zaidi. Chuo cha Girton kilianzishwa kwa ajili yao mwaka 1869 na Newnham mwaka 1871, lakini mitihani ya wanaume waliifanya kwa hisani tu, mtahini mmoja mmoja akikubali kusahihisha karatasi zao. Mwaka 1880 Charlotte Angas Scott wa Girton alipata alama za kumweka katika nafasi ya nane. Jina lake lisingesomwa. Siku ile, msomaji alipofika nafasi ya nane, vijana waliokuwa ukumbini walipaza sauti wakasema, “Scott wa Girton!”, hata jina la mwanamume aliyetajwa halikusikika. Tunapenda kuwakumbusha vijana wa kiume wa leo kwamba waliopiga kelele ile walikuwa washindani wake. Mwaka uliofuata chuo kiliwaruhusu wasichana rasmi kufanya mtihani na kutangaziwa nafasi zao, bila digrii. Scott alipata digrii zake London, na mwaka 1885 akavuka bahari kwenda Bryn Mawr, Marekani, kuongoza masomo ya hisabati katika chuo cha wanawake.

Kisha ikaja tarehe 7 Juni 1890. Majina ya wanaume yalisomwa kwanza, likaanza kusomwa la Philippa Fawcett wa Newnham, mwenye miaka 22. Mama yake, Millicent, alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Baba yake, Henry, alikuwa profesa na waziri wa posta ingawa alikuwa kipofu. Kwa wasichana haikutajwa namba tu; ilisemwa kila mmoja angesimama kati ya wanaume gani. Msomaji alitamka: juu ya Mbishi Mkuu. Alama zake zilizidi za mwanamume wa kwanza kwa asilimia 13 hivi. Mbishi Mkuu, hata hivyo, aliandikwa mwanamume yule. Mwaka 1897 pendekezo la kuwapa wanawake digrii lilikataliwa kwa kura nyingi mno, na umati ukatundika juu ya barabara sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli, kwa dhihaka.

Mashindano ya cheo yalidumu miaka michache tu baadaye. Kati ya waliyoyapinga alikuwa G. H. Hardy, wa nne mwaka 1898, ambaye alichoshwa na mwalimu wa kunoa na akaona hisabati ya kweli kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Mfaransa Jordan. Alikuwa tayari mtihani wenyewe ufutwe. Alipata nusu ya alichotaka. Orodha ya mwisho ya cheo ilisomwa mwaka 1909, na kijiko cha mwisho kikateremshwa mwaka huo huo. Tangu hapo waliofaulu hutangazwa kwa madaraja. Na ni Hardy huyo aliyetoa, mwaka 1908, kitabu cha kuwafundisha wanaoanza chuo kuthibitisha polepole na kwa ukamilifu, bila mbio.

Fawcett yeye alifundisha Newnham kwa miaka kama kumi. Mwaka 1902 alikwenda Transvaal, Afrika ya Kusini, nchi iliyokuwa imechomwa na vita, akasaidia kuanzisha shule na kuandaa walimu wa hisabati. Koloni lile, kama makoloni yote, halikugawa shule sawa kati ya weupe na weusi, na yeye hakuwa na uwezo wa kulibadilisha hilo. Mwaka 1905 alirudi London, akafanya kazi katika idara ya elimu ya jiji kwa miaka mingi. Cambridge iliridhia kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948. Alifariki tarehe 10 Juni mwaka huo, yapata mwezi mmoja baada ya uamuzi huo kuthibitishwa, akiwa na miaka 80.