Jina la Marehemu Langoni mwa Bustani

Mto Nairobi unaingia katikati ya jiji pale Museum Hill. Unapenya chini ya madaraja ya barabara kuu, kisha unaelekea mzunguko wa barabara wa Globe. Kipande hicho ni kifupi; mtu asiye na haraka anakimaliza kabla ya soda yake kuisha. Kushoto na kulia kuna miti ya kienyeji, mianzi, vijia na madaraja madogo ya kuvukia. Ukiinamia maji, pua inakukumbusha kwamba mto wenyewe bado ni mgonjwa. Langoni mwa bustani hii pameandikwa jina la John Michuki.

Kijana aliyezaliwa juzi hudhani Michuki alikuwa mtu wa miti. Waliokuwa wakipanda matatu miaka ya 2000 wanamkumbuka kwa jambo jingine kabisa.

John Njoroge Michuki alizaliwa mwaka 1932 huko Murang'a. Aliwahi kuiongoza Benki ya Biashara ya Kenya, akawa mfanyabiashara tajiri mwenye hoteli na uwanja wa gofu, na kwa miaka mingi akawa mbunge wa Kangema. Lakini jina lake liliingia katika kila kinywa alipokuwa Waziri wa Uchukuzi katika serikali ya Mwai Kibaki. Kanuni zake zilianza kutumika Februari 2004: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mkanda, dereva na makanga wavae sare, mstari wa manjano upakwe ubavuni, na abiria wa kusimama asiwepo. Matatu ya watu 14 ikabeba watu 14. Magari mengi yaliondolewa barabarani siku hizo, na wakazi wa Nairobi wakatembea kwenda kazini, wengine wakilalamika, wengine wakicheka, karibu wote wakikubali kwamba mzee hakuwa anatania. Mpaka leo makanga akijaza gari kupita kiasi, utasikia abiria wa makamo akiuliza sheria za Michuki zilikwenda wapi.

Huo ndio upande unaosimuliwa kwenye hotuba za mazishi. Upo mwingine. Mnamo Machi 2006, Michuki akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za gazeti la Standard na kituo cha televisheni cha KTN usiku, wakateketeza magazeti. Waandishi walipotaka maelezo, waziri aliwajibu kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Mimi ni mwandishi, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikisema kila ninapopita chini ya jina lile namkumbuka na yule nyoka.

Hata hivyo, haki yake apewe. Mwaka 2008 alihamishiwa Wizara ya Mazingira, wizara ambayo wanasiasa wa wakati ule waliiona kama mahali pa kupumzikia. Yeye hakupumzika. Ukingo huu wa mto ulikuwa umejaa mafundi wa jua kali, vyuma chakavu, oili chafu iliyotiririka moja kwa moja majini, na taka za mji mzima. Michuki aliwaondoa, akafanya mto uzolewe uchafu, akapanda miti na nyasi. Kwa muda mfupi watu walikaa kando ya Mto Nairobi kwa hiari yao, jambo ambalo kizazi kizima hakikuwa kimeliona. Mafundi waliofukuzwa walikuwa na familia za kulisha, na sijaona jina lao likiandikwa popote.

Alifariki Februari 21, 2012. Kilichofuata ndicho kiini cha makala hii. Aliyelipigania eneo hilo akawa hayupo tena, na lenyewe likaanza kurudi lilikotoka. Magari yakarejea, taka zikarejea, wahuni wakapata maficho, na wapita njia wakaanza kuzunguka mbali ifikapo jioni. Kwa miaka kadhaa hapo palikuwa mahali pa kupita mbio ukishika mfuko. Ni mwaka 2020 tu serikali iliporudi na matingatinga, ikapasafisha upya, ikapanda miti, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza paitwe Bustani ya Ukumbusho ya John Michuki.

Tazama mpangilio wa mambo. Kazi ilifanyika mwanzo, kifo kikafuata, kisha uharibifu, na jina likaja mwisho. Kwa hiyo jina hilo, pamoja na heshima yake, ni ungamo pia: dola nzima yenye wizara, mabaraza na askari wa jiji ilishindwa kulinda kipande cha ardhi ambacho mzee mmoja mkali alikilinda kwa amri yake. Mahali panapotegemea ukali wa mtu hubaki bila mlinzi siku mtu huyo anapozikwa.

Kutoka Globe nilipanda mjini kwa miguu hadi Jeevanjee Gardens, maana huko kuna bustani nyingine yenye jina la marehemu, na hadithi yake inakwenda kinyume na hii.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, akatajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda. Ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard, lililokuja kuwa East African Standard. Mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akautumia ukumbi huo kuwakera walowezi. Bustani aliitoa kwa umma mwaka 1906, akiwa hai, kwa fedha yake mwenyewe, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria katikati kama ilivyokuwa adabu ya zama hizo. Kinaya kidogo kimo humo: nakala za gazeti alilolianzisha yeye ndizo zilizoteketezwa usiku ule wa mwaka 2006. Alifariki mwaka 1936. Sanamu ya malkia ilikuja kung'olewa kichwa na watu wasiojulikana mwaka 2015, na sidhani kama kuna aliyepoteza usingizi.

Mwaka 1991 wakuu wa jiji walitaka kuichimba bustani hiyo na kuweka jengo la maegesho na maduka. Nyakati hizo kuipinga serikali ya chama tawala, KANU, kulikuwa kujitafutia maafa. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akatoka hadharani. Aliandika, akakusanya saini, akaungana na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wengine, mpaka mpango ukafa. Leo ukifika pale saa ya chakula cha mchana utawakuta wahubiri wakishindana kwa sauti, wapiga picha wakiwinda wateja, vibarua wamelala chali kwenye nyasi, na pembeni duara la watu wanaojiita Bunge la Mwananchi wakiiendesha nchi kuliko wabunge wenyewe. Jina Jeevanjee lilisaidia kwa sababu lilikuwa na mwenyewe, mtu wa damu ambaye angeona haya likifutwa.

Si kila jina lina bahati hiyo. Kakamega kuna Muliro Gardens, ukumbusho wa Masinde Muliro, mmoja wa waasisi wa chama cha upinzani cha FORD, aliyefariki Agosti 1992 baada tu ya kutua uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Picha za wapenzi waliojisahau humo zilipotapakaa mitandaoni, jina la mpigania demokrasia likawa mzaha wa nchi nzima. Vijana wengi wanaijua bustani. Muliro mwenyewe hawamjui.

Nilimalizia Uhuru Park, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969. Hapo ndipo mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa 60 wa gazeti lake la Kenya Times, na Wangari Maathai akaandika barua kwa kila aliyekuwa na masikio, mpaka wafadhili wakajitoa. Pembe moja ya bustani hiyo inaitwa Freedom Corner. Hakuna waziri aliyeipa jina hilo. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama walikaa pale na kugoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi, baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani, na Maathai akapigwa hadi kuzimia. Wananchi wakaanza kuiita pembe hiyo Freedom Corner, na serikali zilizofuata zikalazimika kulitumia jina hilohilo. Maathai mwenyewe, aliyefariki mwaka 2011, jina lake limewekwa kwenye barabara iliyokuwa Forest Road. Magari hupita hapo kwa kasi, moshi ukitoka.

Sipingi Michuki kupewa bustani yake. Katika orodha ndefu ya wakubwa waliotundikwa kwenye viwanja, barabara na hospitali ambazo hawakuzibebea hata jiwe, yeye ni mmoja wa wachache ambao mahali pao wanapastahili kwa jasho. Ningefurahi zaidi kama kibao kingesema pia kwamba palichakaa alipokufa, na kwa nini.

Wawakilishi wa wadi wa Nairobi hawatakosa marehemu mwingine wa kumwenzi, na hoja ya kubadilisha jina la bustani hupita barazani kwa urahisi kwa kuwa haina gharama kubwa. Basi ninawaomba waiambatanishe kila hoja ya namna hiyo na mambo matatu: hatimiliki iliyoandikwa kwa jina la umma, bajeti ya mtunza bustani kila mwaka, na mahali pa kwenda kwa wale watakaoondolewa. Hoja isiyo na hayo iachwe mezani.