Kutoka Kiungani hata Chang'ombe: Habari za Malezi ya Waalimu katika Pwani Yetu

Jubilei ni wakati wa kuhesabu neema. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, watu waliobatizwa, na mapadre waliowekewa mikono. Lakini iko hesabu moja ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni hesabu ya waalimu. Mitaa mingi ya zamani ilimjua mwalimu kabla haijamjua padre wa kukaa nayo. Mwalimu ndiye aliyefungua mlango wa shule siku za kazi, na mlango wa kanisa siku ya Jumapili. Basi katika kurasa hizi twataka kueleza jinsi waalimu walivyolelewa katika pwani yetu, tangu nyumba ya Kiungani hata chuo kilichopo leo Chang'ombe, katika wilaya ya Temeke. Tena twataka kulitazama swali moja ambalo wazazi wengi wa Kimara hujiuliza jioni, wamwonapo kijana wao ameketi barazani, shahada yake ya ualimu ikiwa imehifadhiwa kabatini.

Habari hii yaanza Unguja. Mwaka wa 1864 Askofu Tozer alifika huko pamoja na Padre Edward Steere. Misheni yao iliitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, kwa sababu ilizaliwa katika vyuo vikuu vya Uingereza, baada ya David Livingstone kuwahutubia watu wa Cambridge mwaka wa 1857. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wameokolewa katika jahazi la watumwa, na hao watano ndio waliokuwa darasa la kwanza. Mmoja wao, John Swedi, akawekwa kuwa shemasi mwaka wa 1879. Hivyo vyuo vikuu vilivyokuwa mbali, ng'ambo ya bahari, vilianza kazi yao kwetu kwa watoto watano walionyang'anywa wazazi wao.

Baadaye wavulana wakakaa Kiungani, kusini ya mji, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea. Nao wasichana wakalelewa Mbweni. Pale walijifunza kusoma na kuandika, na wengine kazi za mikono na kazi ya kupiga chapa. Padre Steere, ambaye alikuwa Askofu baada ya Tozer, alikuwa mwanafunzi mwenyewe kwanza: aliketi na watu wa Unguja akakusanya hadithi zao na maneno yao, akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka wa 1870. Hilo ni fundisho kwa kila mwalimu. Atakaye kufundisha watu na akubali kwanza kufundishwa nao.

Walipokuwa tayari, vijana wa Kiungani walipelekwa bara: wengine Magila katika nchi ya Wabondei, wengine Masasi, wengine hata ziwa la Nyasa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni mwake, alisoma pale, akafanya kazi upande wa Masasi, akawekwa kuwa padre mwaka wa 1890, wa kwanza katika watu weusi wa Misheni hiyo. Wala hawakuachwa peke yao. Tangu mwaka wa 1888 Kiungani palitolewa gazeti dogo, jina lake Msimulizi, ambalo ndani yake waalimu waliokuwa mbali waliletewa habari za wenzao, nao wakapeleka habari zao. Mwalimu wa zamani alikuwa na nyumba iliyomlea, na mahali palipomngoja, na barua iliyomfuata. Tuyashike mambo hayo matatu, maana tutayarudia.

Katika miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Unguja kuja Minaki, karibu na Kisarawe, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Nyakati zilikuwa zimegeuka. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha, nchi imetoka mikononi mwa Wadachi kuingia mikononi mwa Waingereza. Mwaka wa 1925 watu wa serikali na wa misheni walikutana Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu, na katika miaka hiyo serikali ikaanza kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Kwa hiyo mwalimu akawa na mabwana wawili: padre aliyemtuma, na mkaguzi aliyempima.

Haifai kuzisifu siku hizo kupita kweli. Mishahara ya waalimu wa misheni ilikuwa midogo sana. Tena nafasi zilikuwa chache, nazo zilifuata misheni ilipojenga. Watoto wengi wa pwani, na hasa wa Kiislamu, hawakuzipata, kwa sababu wazazi wao waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka na dini nyingine. Jubilei isiyokumbuka waliobaki nje ya mlango ni nusu ya jubilei.

Uhuru ulipokaribia, haja ya watu wenye elimu ya juu ilikuwa kubwa kuliko watu wenyewe. Mwaka wa 1961, mwezi wa Oktoba, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria wakiwa hawafiki hata ishirini. Miaka 97 ilikuwa imepita tangu vyuo vikuu vya ng'ambo vilipotuma watu Unguja. Sasa chuo kikuu chenyewe kilikuwa kimefika. Mwaka wa 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kujitegemea. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 chuo cha waalimu kilianzishwa Chang'ombe. Na Dayosisi yetu pia ni mtoto wa wakati huo: ilipata kuwa Dayosisi mwaka wa 1965, Askofu wake wa kwanza akiwa John Sepeku.

Kisha likaja badiliko kubwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1969 serikali ilizichukua shule za misheni ziwe za taifa zima. Minaki ikawa shule ya serikali. Wako waliolia, wakisema kwamba kazi ya miaka mia imetwaliwa. Lakini watoto waliokuwa wamebaki nje waliingia, Waislamu na Wakristo wakaketi dawati moja, na jambo hilo limeijengea nchi amani ambayo hapana misheni ingaliweza kuijenga peke yake. Rais wa nchi wakati huo, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule za misheni, Tabora na Pugu. Hakuifanya kazi hiyo kwa kuichukia kazi ya misheni.

Mwaka wa 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi kufikia mwaka wa 1977. Shule zikajaa kabla waalimu hawajapatikana. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Wengi wao walikuwa waalimu wema. Lakini mzigo ulikuwa mzito kuliko mabega.

Mambo yaliyo kama hayo yakarudi baada ya miaka thelathini. Ada za shule za msingi ziliondolewa kuanzia mwaka wa 2002, watoto wakafurika. Mwaka wa 2004 ukaanza mpango wa kuzidisha shule za sekondari, na watu wakajenga kwa nguvu zao shule katika kila kata. Kuta zilisimama upesi, lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Ikabidi serikali itwae vijana waliomaliza kidato cha sita, iwape mafunzo ya majuma machache, na kuwapeleka darasani. Watu waliwapa majina ya mzaha. Lakini haki ni kusema kwamba wengi wao walisimama mbele ya madarasa ambayo vinginevyo yangalikosa mtu.

Hapo ndipo ilipotokea sababu ya chuo tunachokisimulia. Mwaka wa 2005 Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, ambacho watu hukiita DUCE, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndugu yake, Mkwawa, alizaliwa Iringa mwaka huo huo. Kusudi lilikuwa moja: kutoa waalimu wa sekondari wenye shahada, wengi na kwa haraka, bila kushusha kipimo. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, kwa hiyo wanafunzi wa kwanza walimaliza mwaka wa 2008.

Chuo hicho kipo karibu na kiwanja cha mpira cha Uhuru na kile kikubwa cha Benjamin Mkapa. Kina vitivo vitatu: cha Elimu, cha Insia na Sayansi za Jamii, na cha Sayansi. Kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, katika mpango ulioanza mwaka wa 2008, nchi ilijaribu kuondoa upungufu wa mahali pa kufundishia waalimu wa sayansi, na Chang'ombe ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyofaidika. Tangu hapo masomo yameongezeka, na leo wako wanaosomea pale shahada za uzamili. Kila mwaka wanafunzi hupelekwa mashuleni kwa majuma kadhaa kujizoeza kufundisha, na waalimu wao huwafuata na kuwatazama wakiwa darasani. Chuo kilitimiza miaka 20 mwaka wa 2025. Na katika sekondari nyingi za nchi hii, ukiuliza, utamkuta mtu aliyetoka Chang'ombe. Haya ni mafanikio ya kweli, nasi twayashukuru, ingawa chuo si cha Kanisa. Neema haiulizi hati ya kiwanja.

Lakini sasa twafika kwenye lile swali la barazani. Chuo kilianzishwa kwa sababu waalimu walikosekana. Leo waalimu wenye shahada wapo wengi wasio na kazi. Mwaka wa 2025, serikali ilipowafanyia usaili walioomba kazi ya ualimu, nafasi zilikuwa maelfu kumi na kadhaa, na waombaji walikuwa wengi mara nyingi kuliko nafasi. Wakati huo huo shule zalia kwamba hazina waalimu wa hesabu na sayansi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka wa 2022, na wa 2023 pia, waliofaulu hesabu hawakufika hata theluthi ya waliofanya mtihani. Basi twaona njaa na chakula katika nyumba moja, wala havikutani.

Sababu si moja. Waliosoma historia na lugha ni wengi kuliko waliosoma fizikia na hesabu, kwa maana mwanafunzi aliyekosa mwalimu wa hesabu shuleni hawezi kwenda chuoni kusomea hesabu. Upungufu huzaa upungufu. Tena kumwajiri mwalimu ni ahadi ya mshahara wa miaka mingi, na mfuko wa serikali una mwisho wake. Na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka wa 2024, yenye mkondo wa amali kwa watakaojifunza kazi za ufundi, yataka waalimu wa namna nyingine ambao bado ni wachache.

Sisi wa mitaa hatuwezi kuongeza nafasi za serikali. Lakini tukumbuke mambo matatu aliyokuwa nayo mwalimu wa Kiungani: nyumba ya kumlea, mahali pa kumngoja, na barua ya kumfuata. Nyumba ipo, nayo ni Chang'ombe, bora kuliko zile za zamani. Yaliyokosekana ni mawili ya mwisho, na hayo yamo katika uwezo wetu. Kijana hutoka Kimara kwenda chuo kikuu, na katika miaka mitatu hakuna katika mtaa anayemwuliza anasomea nini. Hurudi, wala hakuna amngojaye. Zamani mtaa ulimtuma, kwa hiyo mtaa ulimpokea.

Twashauri basi mambo machache. Kila mtaa na uandike majina ya vijana wake walio vyuoni wakisomea ualimu, na majina ya waliomaliza wasio na kazi. Kumbi za makanisa, ambazo hufungwa kuanzia Jumatatu hata Jumamosi, zifunguliwe jioni ziwe madarasa ya hesabu, sayansi na Kiingereza kwa watoto wa jirani, bila kuuliza dini ya mtoto. Na mwalimu atakayefundisha pale alipwe, hata kama ni kidogo, kwa fedha zilizochangwa na kuandikwa waziwazi katika daftari la mtaa. Neno hili twalikazia. Kumwambia kijana asiye na kazi afundishe bure kwa ajili ya Mungu, na sisi wenye mishahara tukimsikiliza, ni kurudia dhambi ya mishahara ile ya zamani. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Wazazi nao wawashauri watoto wapendao hesabu kwamba ualimu wa hesabu si kazi ya waliokosa kazi nyingine.

Msomaji atasema kwamba ukumbi mmoja na watoto ishirini ni kitu kidogo mbele ya taifa zima. Ni kweli, ni kidogo. Lakini kazi yote tuliyoisimulia hapa, yenye Kiungani na Minaki ndani yake, ilianza kwa wavulana watano.