Daluga Hazikai Ukutani Tanga

Ukurasa wa michezo ukiandika kwamba fulani ametundika daluga, msomaji wa Tanga haulizi zimetundikwa wapi. Jamaa kaacha soka, basi. Waingereza nao husema hivyo hivyo juu ya viatu vyao vya mpira, na bondia wao akistaafu husemwa katundika glovu.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko soka. Horace, mshairi wa Roma aliyefariki mwaka 8 kabla ya Kristo, anamtaja Veianius, mpiganaji wa ulingoni aliyetundika silaha zake kwenye hekalu la Hercules, kisha akaenda kujichimbia shambani asije akawasihi tena watazamaji wamwachie apumzike. Huyo alistaafu kwelikweli.

Pwani ya Tanga mambo ni mengine. Mvuvi wa Sahare hutundika nyavu zikauke, kesho zirudi majini. Wanasoka wa huko wanamfuata yeye kuliko Veianius. Juma Mgunda aliichezea Coastal Union, akaacha kucheza, akarudi kuifundisha. Septemba 2022 Simba ikamwita, naye akaifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Daluga zilikwisha kazi, mwenyewe bado.

Wapo hata wanaokwenda kinyume. Mwaka 2018 Coastal ilimsajili Ali Kiba, mwanamuziki aliyekwisha pita miaka 30, umri ambao wachezaji wengi huanza kuutazama ukuta.

Usemi huu wa kutundika daluga lakini una mipaka yake, na ingefaa waandishi wa michezo waiheshimu. Mwaka 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja kwa mpigo, Tanga ikabaki haina timu Ligi Kuu. Kwa mji uliotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988 kupitia Coastal hiyo hiyo, ulikuwa msiba. Hata hivyo, kusema Tanga imetundika daluga kungekuwa kosa: anayetundika huamua mwenyewe, anayeshuka daraja hushushwa.

Na kweli Tanga haikuwa imetundika: Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, walirejea Ligi Kuu mwaka 2018. Julai 2, 2022 walikutana na Yanga mjini Arusha katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ikaisha 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal aliyafunga Abdul Suleiman “Sopu”, na Yanga ikalichukua kombe kwa penalti.